Fomu ileile, kila meza na tabia yake

Chukua ofisi ya kawaida ya mazao, makao yake Mtwara mjini, yenye matawi Masasi, Newala na Nachingwea. Kila jioni ya msimu wa korosho, karani wa ghala hutuma taarifa ya mzigo: tarehe, idadi ya magunia, uzito kwa kilo, unyevu, daraja. Afisa TEHAMA ametengeneza fomu ndani ya Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, ili kila karani aache kuandika kwa mtindo wake. Kwenye kompyuta yake fomu haina kasoro: vibonye vinabonyezeka, jumla inajikokotoa, asiyejaza unyevu hawezi kutuma.

Wiki ya pili simu zinaanza. Masasi fomu inafunguka lakini vibonye vimekufa. Newala inafunguka kama barua tupu, haina hata nafasi moja ya kujaza. Nachingwea inajazwa na kutumwa vizuri, ila ikifika Mtwara sehemu ya uzito iko wazi. Na kwa mhasibu, mlango wa pili kutoka kwa huyo afisa, mzigo wa tarehe 5 Novemba umeingia kama wa tarehe 11 Mei.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika: fomu inafunguliwa na kuanza kukarabatiwa. Kibonye kinasogezwa, skripti, yaani maagizo ya programu yanayoiendesha, inaandikwa upya, fomu inachapishwa tena, yaani inawekwa upya kwenye maktaba ya fomu za Outlook, kwa jina jingine, na kufikia Ijumaa ofisi ina fomu nne zinazofanana sura bila mtu kujua ipi ni ipi. Mara nyingi fomu haina hatia. Swali la kwanza ni jingine kabisa: kompyuta hii imeitoa wapi fomu inayoionyesha?

Mtu wa Kusini ana njia fupi ya kulielewa hili, kwa sababu anajua stakabadhi ghalani. Magunia yanabaki ghalani. Kinachotembea ni karatasi inayosema ni mangapi, ya daraja gani, yako ghala lipi. Fomu ya Outlook husafiri vivyo hivyo. Ujumbe ukitoka Newala kwenda Mtwara haubebi sura ya fomu wala skripti yake. Unabeba yale yaliyojazwa, pamoja na jina la aina ya ujumbe, tuseme IPM.Note.TaarifaMzigo. Kompyuta ya mpokeaji husoma jina hilo, huingia kwenye maktaba zake kutafuta fomu inayoitwa hivyo, na ikiipata huuvika ujumbe sura hiyo. Isipoipata, mara nyingi hailalamiki. Inauonyesha kama barua ya kawaida, na karani anasema fomu imeharibika, kumbe fomu haikuwahi kufika hapo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, tazama jina hilo. Kwenye kompyuta ya mpokeaji, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu za kisanduku cha barua, fungua "Field Chooser", tafuta "Message Class", uiburute hadi kwenye vichwa vya safu. Sasa kila ujumbe unaonyesha aina yake. Ukikuta IPM.Note.TaarifaMzigo lakini ujumbe unafunguka kama barua tupu, stakabadhi imefika salama na ghala la mpokeaji ndilo halina mzigo. Ukikuta IPM.Note peke yake, ambalo ni jina la barua ya kawaida, jina la fomu limepotea kwa mtumaji au njiani, na kuhangaika na kompyuta ya mpokeaji ni kupoteza siku. Jambo hili huchukua dakika mbili na hukata tatizo katikati.

Tuseme jina limefika. Outlook huanza na fomu zake za kawaida na akiba iliyoko kwenye kompyuta yenyewe, ile ambayo mafundi huiita kache, kisha folda iliyofunguliwa, kisha maktaba binafsi ya mtumiaji, na mwisho maktaba ya shirika iliyoko kwenye seva. Ikikuta jina inalolitaka, inasimama hapohapo. Haiendelei kutafuta nakala nyingine kwenye maktaba zinazofuata.

Mpangilio huu ndio mama wa vurugu nyingi. Afisa TEHAMA alipokuwa akijaribu fomu aliichapisha kwenye maktaba yake binafsi, na alipomaliza akaichapisha kwenye maktaba ya shirika. Tangu siku hiyo kila marekebisho anayofanya kwenye nakala yake binafsi anayaona yeye tu. Wenzake wanatumia nakala ya shirika, au ya akiba iliyochukuliwa mwezi uliopita. Ndiyo maana kompyuta ya aliyetengeneza fomu ni shahidi mbaya kuliko zote. Isitumiwe kuthibitisha kwamba fomu "inafanya kazi".

Kusafisha kunaanzia hapo. Nenda "File", "Options", "Advanced", shuka hadi "Custom Forms", kisha "Manage Forms". Dirisha litakalofunguka lina pande mbili, na kila upande unaweza kuuelekeza kwenye maktaba unayotaka. Elekeza mmoja kwenye maktaba binafsi na, kama fomu ipo kwenye maktaba ya shirika, ufute humo nakala yoyote yenye jina la fomu yako. Bonyeza "Clear Cache". Funga Outlook, fungua tena, anzisha fomu upya. Ikiwa dirisha lenyewe linagoma, funga Outlook, andika %localappdata%\Microsoft\Forms kwenye upau wa anwani wa kichunguzi cha faili, na ulibadilishe jina faili la FRMCACHE.DAT. Outlook italiunda upya. Usilifute moja kwa moja. Jina jipya linatosha, na unabaki na pa kurudi. Kompyuta zinazozimika ghafla umeme ukikatika, bila kifaa cha kuhifadhi umeme chini ya meza, ndizo za kutiliwa shaka kwanza, maana faili la namna hii huharibika likikatizwa linapoandikwa.

Halafu andika namba ya toleo mahali ambapo karani anaiona. Ukurasa wa "Properties" kwenye usanifu wa fomu una nafasi ya "Version", ijaze, lakini usiishie hapo. Weka maandishi madogo kwenye kona ya chini ya fomu yenyewe: toleo 1.4. Karani wa Nachingwea akipiga simu, swali la kwanza ni moja tu: kona ya chini inasema ngapi? Akijibu 1.2, umeshapata jibu bila kupanda basi.

Na kwa kweli ndivyo ilivyo kwa ile sehemu ya uzito iliyo wazi. Toleo la 1.2 lilihifadhi uzito katika nafasi iliyoitwa Uzito. Toleo la 1.4 likaibadili kuwa UzitoKilo, kwa sababu ilionekana nadhifu zaidi. Nachingwea wanajaza kwa nakala ya zamani, namba inasafiri ikiwa na jina la Uzito, na nakala mpya ya Mtwara inamtafuta UzitoKilo haimwoni. Namba imo ndani ya ujumbe, haina tu wa kuipokea. Jina la nafasi ya kujaza likishaanza kutumika lisibadilishwe. Ukihitaji nafasi nyingine, ongeza mpya na uiache ya zamani ilivyo. Vilevile usiigeuze aina yake: nafasi iliyoanza kama maandishi kisha ikafanywa namba huleta mgongano kwenye folda ambazo tayari zina ile ya kwanza.

Kama uzito hauonekani kutoka tawi lolote, sababu ni nyingine. Kisanduku kimewekwa kwenye fomu kikiwa sura tu, hakijafungwa kwenye nafasi ya kuhifadhi. Fungua sifa zake, ukurasa wa "Value", uchague nafasi kwa "Choose Field". Kisanduku kisichofungwa kinaonekana kizuri mbele ya anayejaza na hakihifadhi chochote. Kuna pia mtego wa kurasa mbili: fomu inaweza kuwa na sura ya kuandikia na sura ya kusomea, zikitengenezwa kila moja peke yake. Ukiongeza kisanduku kwenye ya kuandikia ukasahau ya kusomea, mpokeaji hatakiona kamwe.

Sasa Newala, wanaoona barua tupu. Maktaba ya shirika hukaa kwenye folda za umma za Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft, na kompyuta huifikia kupitia mtandao. Tawi linalotumia modemu ya simu, ambalo halijawahi kufungua fomu hiyo mtandao ukiwa imara, halina nakala kwenye akiba. Mtandao ukiyumba, hakuna pa kuitoa. Ifunguliwe mara moja kwa utulivu, asubuhi kabla foleni ya mizani haijaanza, na nakala itabaki. Jambo la pili ni lugha: maktaba ya shirika hufungwa kwa lugha maalumu, kwa mfano Kiingereza cha Marekani. Kompyuta ambayo Outlook yake imewekwa kwa lugha nyingine inaweza isiione kabisa. Kukiwa na meza moja tu isiyoona kitu wakati zote zinaona, linganisha lugha kabla ya kulaumu mtandao.

Ofisi nyingi ndogo hazina Exchange kabisa. Barua pepe zao ni za kukodi, na Outlook inazichukua kwa IMAP au POP, njia za kawaida za kuchukua barua kutoka seva yoyote. Kwao hakuna maktaba ya shirika. Fomu inabidi ichapishwe kwenye maktaba binafsi ya kila mtumiaji: unaihifadhi kama faili la .oft, unalipeleka kwa flashi, unalifungua kupitia "Choose Form" ukichagua "User Templates in File System", kisha kwenye ukurasa wa "Developer" unaichapisha kwa "Publish Form As". Jina liandikwe lilelile, herufi kwa herufi. Kumpa karani faili la .oft alibofye tu hakutoshi, kwani fomu isiyochapishwa haiendeshi skripti.

Mtu akishachoka na haya yote hukutana na kisanduku kimoja kwenye ukurasa wa "Properties": "Send form definition with item". Kinaahidi kwamba fomu itasafiri ndani ya ujumbe wenyewe. Akikitia alama, Newala wanaiona fomu siku hiyohiyo, na anaamini amepona. Tunasema bila kusita: acha. Ujumbe unaobeba fomu yake unakuwa mzito, jina lake la aina linarudi kuwa IPM.Note, na skripti iliyomo haiendeshwi, kwa sababu za kiusalama zisizojadilika: hakuna anayetaka barua iingie kutoka nje ikiwa na programu inayojiendesha. Hali hiyohiyo hutokea bila alama yoyote iwapo skripti inaongeza nafasi mpya za kujaza fomu ikiwa imeshafunguliwa. Ukiona IPM.Note kwa mpokeaji huku mtumaji ana hakika alitumia fomu, angalia hayo mawili kwanza.

Vibonye vilivyokufa vya Masasi vina historia yake. Septemba 2017 Microsoft ilitoa masasisho ya usalama yaliyozima skripti za fomu maalumu kwenye Outlook, mpaka msimamizi aziruhusu mwenyewe. Kompyuta iliyosanidiwa kwa ruhusa hiyo inaendesha. Iliyonunuliwa mwaka jana na kuwekwa Office upya haiendeshi, japo fomu ni ileile na toleo ni lilelile. Tofauti hii haionekani popote kwenye skrini.

Kufuli ni mbili, zote kwenye rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows. Ya kwanza ni thamani ya DWORD, yaani ya namba, iitwayo DisableCustomFormItemScript, ambayo lazima iwe 0, ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Security. Hapa ndipo wengi hukwama: Office ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 husoma chini ya SOFTWARE\WOW6432Node, na Office iliyowekwa kwa njia ya Click-to-Run, usakinishaji wa Microsoft wa kupitia mtandao, ina tawi lake la rejista, chini ya Microsoft\Office\ClickToRun\REGISTRY\MACHINE. Thamani sahihi ikiandikwa mahali pasipo pake ni kama haipo. Fungua "File", "Office Account", "About Outlook", usome kama ni biti 32 au 64 kabla ya kuandika. Kufuli ya pili ni ya mtumiaji: HKEY_CURRENT_USER\SOFTWARE\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Forms\TrustedFormScriptList, ambamo unaweka thamani ya maandishi yenye jina la fomu yako, IPM.Note.TaarifaMzigo, bila kujaza chochote ndani yake. Namba 16.0 ni ya Outlook 2016, 2019, 2021 na ya Microsoft 365. Ya 2013 ni 15.0 na ya 2010 ni 14.0. Hifadhi nakala ya rejista kabla ya kuigusa, na ruhusu fomu yako pekee.

Kujua kama skripti inaendeshwa hakuhitaji kukisia. Weka mistari hii mitatu juu kabisa ya skripti ya fomu, uichapishe, kisha uende kila meza:

Function Item_Open()
MsgBox "Toleo 1.4, skripti ipo hai"
End Function

Dirisha likitokea, kufuli zimefunguka. Lisipotokea, usipoteze muda kusoma skripti yako ya kukokotoa jumla. Skripti mbovu ikikufungia fomu isifunguke, shikilia Shift unapoifungua na skripti itarukwa. Na kabla ya yote, hakikisha karani amebofya ujumbe mara mbili: kwenye kidirisha cha kusomea cha pembeni, sura ya fomu haionekani na skripti haiendeshwi, hata kwenye kompyuta iliyo sawa kabisa.

Kama fomu ina kalenda ya kuchagulia tarehe iliyotoka kwenye faili la MSCOMCT2.OCX, iondoe. Ni ya biti 32 pekee, na Office ya biti 64 haitaifungua kwa namna yoyote.

Tarehe ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu haitoi kosa. Karani anaandika 05/11/2025. Kompyuta iliyosanidiwa Kiingereza cha Uingereza au Kiswahili cha Tanzania inaisoma 5 Novemba. Iliyoachwa kwenye Kiingereza cha Marekani, kama zinavyokuja nyingi kutoka dukani, inaisoma 11 Mei. Tarehe 13 na kuendelea skripti huibaini yenyewe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Kwa hiyo kosa linaonekana siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi kisha linajificha, na ofisi inaamini limejiponya. Mzigo ukionekana umepokelewa Mei, miezi mitano kabla ya msimu, mtu atagutuka. Lakini 10/11 ikigeuka 11/10, tarehe zote mbili zimo ndani ya msimu, na hapo hesabu ya malipo ya mkulima inaharibika kimyakimya.

Desimali nazo ni hivyohivyo. Kompyuta ya mtumba iliyokuja na mipangilio ya Ujerumani huichukua nukta kuwa kitenganishi cha maelfu. Unyevu wa 8.5 ukipita kwenye CDbl, amri ya skripti inayogeuza maandishi kuwa namba, unatoka 85. Rekebisha eneo kwenye mipangilio ya Windows kwa kila kompyuta, kwa kila mtumiaji, lakini usitegemee hilo peke yake. Nafasi ya tarehe iwe ya aina ya tarehe, si maandishi. Skripti isiitafsiri tarehe kwa CDate, amri inayogeuza maandishi kuwa tarehe kwa kufuata mipangilio ya kompyuta. Ichukue mwaka, mwezi na siku kutoka visanduku vitatu na kuviunga kwa DateSerial. Na popote tarehe inapoandikwa ili isomwe na mtu, mwezi uwe kwa jina.

Fomu inayokatika maandishi pembeni ni jambo dogo: ukuzaji wa skrini wa asilimia 125 au 150. Acha nafasi ya kutosha kuzunguka kila kisanduku, yaishe.

Barua inayotoka nje ya ofisi, kwa mnunuzi au mwenye lori, ni habari nyingine. Yaliyojazwa kwenye fomu husafiri katika muundo wa Outlook pekee. Anayetumia Gmail huona ujumbe mtupu, au kiambatisho cha winmail.dat asichoweza kukifungua. Dawa yake inatibu mengine mengi kwa mkupuo: kwenye Item_Send, sehemu ya skripti inayoendeshwa ujumbe unapotumwa, skripti ikusanye kila kilichojazwa na kukiandika ndani ya Item.Body, yaani mwili wa barua, kama maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari, tarehe, magunia, kilo, unyevu, daraja. Hapo hata anayesoma kwenye simu akiwa safarini Liwale anaupata mzigo wote. Kuna faida ya ziada ambayo tunaithamini sana: ujumbe wenye fomu iliyojazwa lakini mwili mtupu unakuambia, bila kumpigia mtu simu, kwamba kwenye meza ya aliyeutuma skripti haikuendeshwa.

Lipo pia swichi dogo juu kulia mwa dirisha, linalomhamisha mtu kwenye Outlook mpya ya Windows. Hiyo mpya haina fomu maalumu kabisa, sawa na Outlook ya kwenye kivinjari na ya simu. Karani akiligusa bila kujua, fomu yake inatoweka, na hakuna rejista itakayoirudisha mpaka swichi lirudishwe. Skripti hizi pia zimeandikwa kwa VBScript, lugha ya programu ambayo Microsoft ilitangaza Oktoba 2023 kwamba inaelekea kuondolewa Windows, na mpango wake ni kuizima kwa kawaida takriban mwaka 2027. Fomu iliyopo itunzwe kwa njia hizi. Mpya inayoanzishwa leo ijengwe kwenye kivinjari, ambako kila tawi linafungua ukurasa mmoja ulioko mahali pamoja.

Kwa sasa, daftari moja la kawaida mezani kwa afisa TEHAMA linafaa kuliko programu yoyote ya ukaguzi: meza, mtumiaji, toleo la Outlook, biti, lugha, eneo la Windows, namba iliyoko kona ya chini ya fomu, na kama dirisha la MsgBox lilitokea. Mstari uwe wa mtumiaji, si wa kompyuta. Maktaba binafsi na ile kufuli ya pili humfuata mtu aliyeingia, hivyo kompyuta moja ya Masasi yenye makarani wa zamu mbili ina mistari miwili. Na jaribio lifanywe karani akiwa ameingia kwa akaunti yake, yeye mwenyewe akijaza na kutuma. Ukilifanya kwa akaunti ya msimamizi, umeipima akaunti ya msimamizi.